Faini Milioni 3.7, Hasara Zaidi ya Bilioni: Nani Anambana Mwenye Bomba la Mafuta?

Jioni ya Julai 25, 2010, ikikaribia saa kumi na mbili, bomba la mafuta ghafi la kampuni ya Enbridge lilipasuka kwenye kinamasi karibu na mji mdogo wa Marshall, jimbo la Michigan, Marekani. Mpasuko ulikuwa na urefu wa mita mbili. Chumba cha kuongozea bomba hilo hakikuwa Michigan wala Marekani. Kilikuwa Edmonton, Kanada, na kengele za tahadhari zilianza kulia huko. Waliokuwa zamu hawakufikiria mpasuko. Usukumaji ulikuwa umesimamishwa kwa ratiba, na mafuta yakisimama ndani ya bomba yanaweza kukatika na kuacha nafasi tupu katikati, hali inayoleta kengele zilezile. Wakaamini ndiyo hiyo. Usiku wa kuamkia Julai 26, na tena asubuhi, wakawasha pampu ili kujaza pengo.

Pengo halikujaa, kwa sababu mafuta yalikuwa yanaishia kinamasini. Asilimia 81 ya mafuta yote yaliyomwagika yalitoka katika vipindi hivyo viwili vya kuwasha pampu. Wakazi walikuwa wameshapiga simu za dharura tangu jioni wakilalamikia harufu, na zimamoto walifika, wakazunguka, wakaondoka. Aliyewaambia Edmonton kwamba kuna mafuta juu ya ardhi hakuwa mtumishi wa kampuni ya bomba wala mkaguzi wa serikali. Alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya gesi ya eneo hilo, na saa 17 zilikuwa zimepita. Karibu lita milioni 3.2 zilikuwa zimeshaingia kwenye kijito cha Talmadge na kutoka hapo mto Kalamazoo. Kwa malori ya tangi ya lita 36,000, hayo ni malori zaidi ya 80.

Miaka miwili baadaye, mamlaka ya Marekani inayosimamia usalama wa mabomba, PHMSA, iliipiga kampuni faini ya dola milioni 3.7. Kwa wakati huo ilikuwa faini ya rekodi kwa mamlaka hiyo. Gharama ya kusafisha mto ilipita dola bilioni moja.

Mtu akiziweka tarakimu hizo mbili pamoja, wazo la haraka ni kwamba kuna aliyekula rushwa. Hapana. Mamlaka ilifuata sheria yake neno kwa neno, na kampuni ikalipa. Ndiyo maana kisa hiki kinafaa kufunguliwa taratibu: kinaonyesha sheria ya usalama wa mabomba inavyofanya kazi pale inapofanya kazi ilivyokusudiwa, na mahali meno yake yalipo hasa. Kwa maoni yangu, hayako kwenye faini.

Watatu wanaochanganywa

Ajali ya bomba Marekani huvuta taasisi tatu za serikali kuu, na vyombo vya habari huzitaja kana kwamba ni kitu kimoja.

PHMSA ndiyo yenye kanuni za usalama. Inaamua bomba lipimwe vipi, likaguliwe kila baada ya muda gani, kasoro ipi irekebishwe kwa haraka gani, na walio kwenye chumba cha kuongozea wafundishwe nini. Iko chini ya wizara ya uchukuzi, na inasimamia zaidi ya kilomita 350,000 za mabomba ya mafuta na kemikali, ukiacha mtandao wa gesi ambao ni mkubwa zaidi kwa mbali. Mabomba yanayoanza na kuishia ndani ya jimbo moja yanaweza kukabidhiwa wakaguzi wa jimbo hilo.

NTSB ni bodi ya uchunguzi, ileile inayochunguza ndege zinapoanguka. Haina uwezo wa kumtoza mtu hata senti. Inachunguza, inaandika, inapendekeza. Ripoti yake kuhusu Marshall ilitoka Julai 2012, na mwenyekiti wake, Deborah Hersman, aliwafananisha walioshughulikia mpasuko huo na polisi wa vichekesho wa filamu za zamani. Kwenye ripoti hiyohiyo PHMSA nayo ilikula za uso: usimamizi dhaifu, kanuni zenye mianya. Kulikuwa na mipango ya dharura kama 450 kutoka kwa waendeshaji mbalimbali, na waliopangiwa kuisoma walikuwa sawa na mtumishi mmoja na nusu. Mpango wa Enbridge uliidhinishwa bila mtu kuupekua kwa maana.

Ya tatu ni EPA, mamlaka ya mazingira, na hii huingia mafuta yakigusa maji. Ilikuja na faini yake peke yake, na faini hiyo inatusaidia kuelewa kwa nini ile ya kwanza ilikuwa ndogo.

Hesabu ya faini

Mwaka 2010 sheria ya usalama wa mabomba iliruhusu faini isiyozidi dola 100,000 kwa kosa moja kwa siku moja, na isiyozidi dola milioni 1 kwa mfululizo wa kosa lilelile. Soma tena kipande hicho cha mwisho. Kampuni ikikaa na kasoro kwa siku kumi au kwa miaka mitano, dari ni ileile. Wala sheria haiulizi mafuta kiasi gani yamemwagika. Inauliza ni kanuni ngapi zimevunjwa. Kwa hiyo wanasheria wa mamlaka hukaa na kitabu cha kanuni, wakatafuta kosa moja moja linaloweza kuthibitishwa, na kulipangia kila moja bei. Marshall ilitoa makosa zaidi ya ishirini, na jumla yake ikawa milioni 3.7.

Sheria ya maji inahesabu kwa pipa. Wakati huo ilikuwa hadi dola 1,100 kwa kila pipa lililoingia majini, na hadi dola 4,300 kama kulikuwa na uzembe mkubwa. Kwa mapipa kama 20,000, dari inaruka mara moja hadi makumi ya mamilioni. Mwaka 2016 Enbridge ilikubaliana na serikali kulipa dola milioni 61 kwa ajili ya Marshall na milioni 1 nyingine kwa umwagikaji mwingine wa mwaka uleule huko Illinois, na juu yake kutumia dola zisizopungua milioni 110 kuboresha usalama wa mtandao wake.

Ajali moja, kampuni moja, serikali moja, faini mbili zilizopishana zaidi ya mara kumi na tano, kwa sababu tu moja inahesabu makosa na nyingine inahesabu mapipa. Anayetunga sheria ya mafuta popote duniani angefanya vyema kuukalia ukweli huo kabla ya kuandika kifungu cha adhabu.

Januari 2012 Bunge la Marekani lilipandisha dari ya PHMSA mara mbili, na baadaye ikaanza kupanda na mfumuko wa bei. Sasa ni zaidi ya dola 260,000 kwa kosa kwa siku na zaidi ya milioni 2.6 kwa mfululizo. Kwa kampuni inayosukuma mafuta ya mamilioni ya dola kila siku, hiyo ni gharama ya kuendesha biashara. Na hakuna senti ya faini inayokwenda kwa aliyekosa maji ya kunywa; inaingia serikalini. Mwathirika anafungua kesi yake mwenyewe.

Kanuni inayomwachia mwenye bomba ajihukumu

Fundo gumu zaidi liko kwenye namna kanuni zenyewe zilivyoandikwa.

Zamani kanuni zilikuwa za maagizo: chuma kiwe cha unene huu, kizikwe kina hiki, kipimwe kwa presha hii. Kisha Juni 10, 1999, bomba la petroli la kampuni ya Olympic lilipasuka huko Bellingham, jimbo la Washington. Petroli ikajaa kwenye kijito, ikawaka, na kuua watoto wawili wa miaka kumi na kijana wa miaka kumi na minane. Bomba lilikuwa limegongwa na mashine ya kuchimba miaka mitano kabla, na kovu likaachwa. Baada ya hapo ikaja aina nyingine ya kanuni: kila mwendeshaji lazima awe na mpango wake wa kulinda uzima wa bomba kwenye maeneo yenye watu wengi, vyanzo vya maji ya kunywa au mazingira nyeti. Akague ndani ya bomba angalau kila miaka mitano. Akusanye takwimu, apime hatari, apange marekebisho.

Wazo lenyewe ni zuri. Bomba la jangwani lenye mafuta mepesi halifanani na la kinamasini lenye mafuta mazito, na mhandisi wa kampuni analijua bomba lake kuliko ofisa yeyote wa serikali kuu. Lakini matokeo yake ni kwamba mdhibiti hakagui bomba. Anakagua makaratasi yanayosema bomba limekaguliwa.

Ukaguzi wenyewe hufanywa na kifaa kirefu cha silinda kinachoingizwa ndani ya bomba na kusukumwa na mafuta yaleyale kutoka kituo hadi kituo. Kuna vya sumaku na vya mawimbi ya sauti. Vingine vinatafuta kutu iliyokula ukuta wa bomba, vingine vinatafuta nyufa, na kinachoona hiki mara nyingi hakioni kile. Kifaa kikitoka, takwimu zake zinakwenda kwa wataalamu, na baada ya miezi kampuni inaletewa orodha: mita hii kuna kutu ya kina hiki, mita ile kuna kitu kinachofanana na ufa.

Hapo saa ya sheria inaanza kutembea. Kutu iliyokula zaidi ya asilimia 80 ya ukuta hurekebishwa mara moja, na hadi itakaporekebishwa presha ishushwe. Baadhi ya mabonyeo yana siku 60. Kasoro nyingine zina siku 180. Lakini saa hiyo inaanza pale kampuni inapokuwa na taarifa za kutosha kutambua kwamba kasoro ipo, na mwamuzi wa kwanza wa kutosha huko ni kampuni yenyewe. Ni kama kumwachia dereva wa daladala ajaze mwenyewe fomu ya ukaguzi wa breki zake, kisha trafiki ahakikishe fomu imejazwa bila kufuta.

Bomba la Marshall lilikuwa la mwaka 1969, kipenyo cha inchi 30, unene wa ukuta robo inchi, limefungwa kwa utepe wa plastiki uliokuwa umeachia. Maji yakapenya chini ya utepe, kutu ikaanza, na nyufa zikajichora ndani ya kutu. Kifaa cha kutafuta nyufa kilipita mwaka 2005 na kuziona. Naam, ziliandikwa. Ila kipimo cha kampuni cha kuamua ufa upi uchimbuliwe kilikuwa na nafasi ndogo ya usalama kuliko kipimo chake cha kutu, na kanuni ya serikali haikueleza wazi ufa ushughulikiwe vipi. Nyufa zikabaki ardhini miaka mitano mingine. Siku kumi tu kabla ya mpasuko, kampuni ilikuwa imewaandikia PHMSA kuhusu mamia ya kasoro nyingine za kutu kwenye bomba hilohilo, ikiomba miaka miwili na nusu ya kuamua izirekebishe au ibadilishe bomba.

Kampuni pia ilikuwa na sheria yake ya ndani: kama mafuta yamekatika ndani ya bomba na ndani ya dakika kumi hamjui kwa nini, simamisheni kila kitu. Iliandikwa baada ya mmwagiko mwingine wa kampuni hiyo, wa mwaka 1991 huko Minnesota. Ilikuwepo. Haikufuatwa. Kwenye chumba cha zamu, kusimamisha bomba ni jambo linaloulizwa na wakubwa. Kuwasha pampu hakuulizwi.

Mahakama iliposema kanuni haikuvunjwa

Machi 29, 2013, bomba la Pegasus la ExxonMobil lilipasuka katikati ya mtaa wa makazi huko Mayflower, Arkansas. Mafuta mazito meusi yalitiririka barabarani kati ya nyumba, na familia 22 zikahamishwa. Bomba lilikuwa la miaka ya 1940, lililotengenezwa kwa aina ya mshono wa kuchomelea ambayo wahandisi wote wa fani hiyo wanajua ina historia ya kupasuka. PHMSA ikatoza faini ya dola milioni 2.6 na ushei: kampuni, ilisema, ilipaswa kulihesabu bomba hilo kuwa katika hatari ya mshono kuachia.

Kampuni ikakata rufaa. Agosti 2017 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tano ilifuta sehemu kubwa ya adhabu hiyo. Hoja yake, kwa lugha ya kawaida: kanuni inamtaka mwendeshaji azingatie mambo fulani kabla ya kuamua kama bomba lake liko hatarini. ExxonMobil ilizingatia. Ilipima, ilichambua, ikafikia uamuzi kwamba mshono uko salama. Uamuzi ukawa si sahihi, lakini kanuni haikudai uamuzi sahihi, ilidai mchakato. Bomba kupasuka peke yake si ushahidi kwamba kanuni imevunjwa.

Wapo waliokasirika kusoma hukumu ile, na ninawaelewa. Lakini majaji hawakuwa na pa kwenda. Ukiandika kanuni ya mchakato, utapata mchakato. Mwenye makosa, kama yupo, ni aliyeandika kanuni akiogopa kutaja tarakimu.

Amri inayouma

Njia ya adhabu kwa PHMSA ina ngazi zake. Chini kabisa kuna barua ya onyo, na ilani ya kumtaka mwendeshaji arekebishe taratibu zake za maandishi. Juu yake kuna ilani ya tuhuma za ukiukaji, inayokuja na faini inayopendekezwa au amri ya kutekeleza jambo fulani. Mwendeshaji ana siku 30 za kujibu. Anaweza kukubali, kupinga kwa maandishi, au kuomba shauri lisikilizwe. Mzigo wa kuthibitisha uko kwa mamlaka. Kutoka ilani hadi uamuzi wa mwisho miaka miwili si ajabu, kisha kuna rufaa.

Pembeni ya ngazi hizo kuna chombo cha aina nyingine kabisa: amri ya kurekebisha. Kama mamlaka inaona bomba ni hatari kwa maisha, mali au mazingira, inaweza kumwamuru mwendeshaji ashushe presha au afunge kabisa hadi atimize masharti. Pale ambapo kuchelewa kungeleta madhara makubwa, amri inatoka kwanza na kusikilizwa kunafuata. Haihitaji kuonyesha kosa lolote. Inahitaji kuonyesha hatari.

Mei 19, 2015, bomba namba 901 la kampuni ya Plains All American lilipasuka karibu na ufukwe wa Refugio, Santa Barbara, California, na mafuta yakaingia baharini. Ndani ya siku mbili amri ya kurekebisha ilikuwa imetoka. Faini za jinai zilikuja baadaye, mwaka 2019, baada ya baraza la mahakama kuikuta kampuni na hatia: kama dola milioni 3.3. Lakini bomba lilikaa bila mafuta kwa zaidi ya miaka kumi. Majukwaa ya kuchimba mafuta baharini yaliyolitegemea yakazima mashine, kwa kuwa hayakuwa na pa kupeleka mafuta. Ukitaka kujua kipi kilimuumiza mwenye mali zaidi, huhitaji kikokotoo.

Nguvu hiyo ina gharama, na si kwa kampuni pekee. Bomba likifungwa mafuta hayatoweki. Yanapanda malori, na malori nayo yanapinduka na kuungua. Wapo pia wanaotegemea bomba hilo kwa umeme, usafiri na ajira. Ndiyo maana mamlaka huitumia kwa tahadhari, karibu kila mara baada ya ajali, mara chache sana kabla. Tangu 2016 PHMSA ina uwezo wa kutoa amri ya dharura inayogusa waendeshaji wengi kwa pamoja pale hatari inapokuwa ya fani nzima. Kanuni ya vali za kufunga haraka mpasuko ukitokea, inayotaka vali zifungwe ndani ya dakika 30 tangu mpasuko utambuliwe, ilikamilika Aprili 2022, karibu miaka kumi na miwili baada ya Marshall, na inahusu zaidi mabomba mapya na yanayobadilishwa. Mabomba ya zamani yalibaki nje.

Nairobi, Makueni, Tanga

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu mabomba tunayo na mengine yanakuja.

Septemba 12, 2011, petroli ilivuja kutoka mitambo ya Kenya Pipeline jijini Nairobi, ikaingia mfereji wa maji ya mvua na kuteremka hadi mtaa wa Mukuru Sinai. Watu walitoka na ndoo na madumu. Ilipowaka, zaidi ya watu 100 walikufa. Nyumba zilikuwa zimejengwa hadi ubavuni mwa bomba. Mei 2015 bomba la Mombasa hadi Nairobi, lililokuwa likifanya kazi tangu 1978, lilivuja Thange, kaunti ya Makueni, na wakazi wakaona mafuta kwenye mto wanaoutegemea kwa maji ya kunywa, mifugo na kunyweshea mashamba. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliagiza walipwe zaidi ya shilingi bilioni 3 mwaka 2025. Miaka kumi. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa darasa la nne.

Kinachojitokeza hapa ni kwamba kilichombana mwendeshaji kwa kiasi kinachohesabika ni wananchi mahakamani, si mdhibiti. Kenya ina EPRA, iliyochukua nafasi ya tume ya nishati mwaka 2019, yenye mamlaka juu ya leseni na usalama wa mabomba, na ina NEMA upande wa mazingira. Mgawanyo ni kama wa Marekani. Tofauti ni kwamba wakati wa ajali hizo mwenye bomba alikuwa shirika la umma. Serikali inapoitoza faini kampuni yake yenyewe, pesa inatoka mfuko wa kushoto kuingia wa kulia. Na kulifunga bomba hilo maana yake ni kuikosesha mafuta Nairobi, na Uganda na Rwanda nyuma yake. Amri inayouma California, Nairobi ingemuuma kila mtu isipokuwa mhusika. Kwa bomba lisilo na mbadala, mdhibiti anahitaji chombo kidogo na cha mapema zaidi: kushusha presha kwenye kipande chenye shaka, kulazimisha vipande vya zamani vibadilishwe kwa tarehe iliyotajwa kwenye leseni, kuwafanya wakurugenzi wawajibike kwa majina yao.

Tanzania ina uzoefu wa muda mrefu kuliko tunavyokumbuka. Bomba la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, linasukuma tangu 1968. Ni kongwe kwa mwaka mmoja kuliko lile la Marshall, na siku hizi linabeba dizeli badala ya mafuta ghafi. Dizeli ni nyepesi, inapenya tundu ambalo mafuta ghafi yangepita kwa shida, na wezi wa mafuta wanaipenda zaidi kwa sababu haihitaji kusafishwa. Bomba la zamani likibadilishiwa mzigo, ukaguzi wake unastahili kuanza upya.

Kisha kuna EACOP, bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, kilomita 1,443 kutoka Kabaale, Hoima, hadi Chongoleani, Tanga. Kipande cha Uganda, kilomita 296, kiko chini ya mamlaka ya petroli ya Uganda, PAU. Kilomita 1,147 za Tanzania ziko chini ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji ya Tanzania. Mafuta ni yaleyale, saa ni ileile, wadhibiti wawili. Na miongoni mwa wanahisa, pamoja na TotalEnergies yenye asilimia 62 na CNOOC yenye 8, wamo UNOC na TPDC, mashirika ya mafuta ya umma ya Uganda na Tanzania, asilimia 15 kila moja, yaani serikali zilezile zenye wadhibiti hao.

Mafuta ya Hoima yana nta nyingi, yakipoa yanaganda, kwa hiyo bomba linapashwa joto hadi nyuzi 50 na zaidi na kuvikwa povu la kuhifadhi joto. Kazi ya kuvika mabomba hayo ilifanyika Sojo, wilayani Nzega. Hapo ndipo bomba namba 901 la California linapotuhusu moja kwa moja. Nalo lilibeba mafuta yaliyopashwa joto, nalo lilizikwa likiwa limevikwa povu. Unyevu uliingia chini ya povu, ukakaa palepale kwenye joto, na mkondo wa umeme unaotumika kuzuia kutu kwenye mabomba ya chini ya ardhi haukuweza kuufikia ukuta wa chuma. Kifaa cha ukaguzi kilikuwa kimepita wiki mbili kabla ya mpasuko. Kilisoma kwamba pale palipopasuka kutu imekula karibu nusu ya ukuta. Ukweli ulikuwa zaidi ya asilimia 80.

Mfuniko wa EACOP ni wa teknolojia mpya kuliko ule, na si haki kusema yatatokea yaleyale. Ila mkaguzi wa EWURA atakayepelekewa ripoti inayosema asilimia 45 ana maswali mahususi ya kuuliza. Ni mashimo mangapi yamechimbwa kwenye mkuza ili kulinganisha kilichosomwa na kifaa na chuma chenyewe? Nani alichagua yachimbwe wapi? Takwimu ghafi za kifaa zinamfikia lini, na je zinamfikia yeye, au anapewa muhtasari ulioandikwa na mwenye bomba?